Agosti ya Mbwana Tupa

Tulilijua kwa picha moja:
kalenda ya sabini na nne, ukutani kwa kinyozi Mbwana Tupa,
Agosti iliyokataa kupinduliwa
hata Septemba ilipofika, hata mwaka ulipokwisha.
Gari jekundu, chini chini, tumbo linanusa lami,
limetoa uso na ubavu wa kushoto.
Basi.
Mgongo wake tuliukisia
kama unavyokisia mwendo wa mtu
uliyezoea kumwona dirishani.

Tulikuwa wanne, Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani:
mimi, Mhina, Semkiwa, na Fernandes wa reli.
Foksiwageni nne kuukuu tulizipata mnadani, shamba la mkonge, Ngomeni,
tukazivua mabati, tukabaki na mifupa.
Nyuzi za kioo hazikutosha. Nani angetuletea,
miaka ile sabuni yenyewe tukiipangia foleni?
Tukachanganya gundi ya boti na katani,
singa kwa singa, tabaka juu ya tabaka,
mikono ikatuwasha wiki nzima,
wake zetu wakatulaza ukumbini.
Nembo tukaisubu kwa sufuria iliyotoboka.

Kisha tukafika nyuma, na kalenda ikanyamaza.
Fernandes akafunga taa za behewa.
Semkiwa akafunga za basi, kubwa kama sahani za pilau.
Mhina hakufunga kitu, alisema atakayemfuata na ajue mwenyewe.
La kwangu alilichora Zuwena, kwa mkaa, sakafuni,
mimba ya Sharifu imemkaa juu, anachora ameinama upande:
mgongo wa mviringo, unaojikunja mwishoni
kama birika lililotosheka.

Jumapili tulitoka kwa msururu, Mkwakwani hadi Raskazone,
mngurumo wa mashine ya kusaga, mwendo wa harusi.
Kwenye mwinuko wa Bombo baiskeli zilitupita,
zikatugongea kengele za pole.
Kizuri chajiuza, walitucheka, kibaya chajitembeza.
Haya, na kijitembeze!
"Hili ndilo lenyewe?" watoto walimuuliza Mhina.
"Lenyewe ni lipi?" alijibu, akipuliza vumbi kwenye kioo.

Mhina tumemzika. Injini yake inavuta maji
kwenye bustani ya kabichi, Soni.
La Semkiwa liko Muheza, kuku wanataga kiti cha dereva,
na yeye hawafukuzi, anasema wanakaa vizuri kuliko alivyokaa yeye.
Fernandes aliuza la kwake, akapanda ndege na mama yake.
Limebaki langu. Linawaka likipenda.

Juzi mjukuu akaniletea simu.
"Babu, lenyewe hili hapa. Ukigusa, linazunguka."
Nikagusa. Uso, naam. Ubavu wa kushoto, naam,
nikaguna kama mtu aliyeitwa jina la utotoni.
Kikaja kidole kikalivuta, likageuka,
nikauona mgongo.
Umekatwa. Bapa, kama kabati lililosukumwa ukutani,
taa nne za duara zinanikodolea.
"Wamekosea," nikasema.
Mtoto akacheka mpaka akakaa chini.
Mimi sikuwa nimetania.

Nikamtumia Fernandes sauti, huko kwenye theluji yake:
Rodriki, umewahi kuliona nyuma?
Siku mbili kimya. Ya tatu akajibu,
Kiswahili chake bado kina vumbi la stesheni:
"Nililiona mwaka tisini na moja, ndugu yangu,
limeegeshwa nje ya benki. Nililizunguka mara mbili.
Sikutaka kukwambia."

Miaka yote hiyo amelibeba peke yake.

Leo vuli imeanza. Paa la banda linavuja palepale.
Nimepitisha kiganja pale Zuwena alipokunja mstari,
rangi imebanduka, singa zimechungulia,
na kama kila mvua, gari zima linanuka shamba la mkonge.
Lile la kwenye simu
sijui linanukaje.